Jedwali Moja la Rangi kwa Picha Nyingi: Mbinu, Istilahi na Hatima ya Rangi Adimu, kwa Mfano wa Samaki wa Rukuba

IKISIRI

Makala haya yanachunguza kazi ya kubadili faili nyingi za picha kwa mkupuo huku picha zote zikitumia jedwali moja la rangi. Kwa kawaida kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya kiufundi tu. Makala yanaonyesha kwamba ni kazi ya uainishaji, na kwamba maswali inayoyazua ni yale yale yanayomkabili mwanaleksikografia: vitu vingapi viwekwe chini ya jina moja, nani aamue, na nini hupotea. Mfano unaotumika ni wa picha za samaki kwa ajili ya orodha ya msamiati wa uvuvi katika kisiwa cha Rukuba, mkoani Mara. Hoja kuu ni kwamba jedwali la pamoja huwezesha ulinganisho, lakini likiundwa kwa kufuata wingi peke yake hufuta kilicho adimu. Kwa hiyo kilicho adimu sharti kitengewe nafasi kwa makusudi kabla ya kazi kuanza.

1.0 UTANGULIZI

Kisiwa cha Rukuba kimo katika Ziwa Viktoria, upande wa Musoma. Ni kisiwa cha wavuvi. Kijita na Kikwaya ni miongoni mwa lugha za mwambao ulio karibu nacho, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wavuvi na wachuuzi watokao pande mbalimbali za ziwa. Kwa sababu hiyo mahali kama hapa ni pazuri kwa uchunguzi wa msamiati: samaki mmoja huweza kuwa na jina katika lugha ya nyumbani, jina jingine katika Kiswahili cha mwaloni, na jina la tatu katika vitabu vya sayansi.

Ichukuliwe kwamba mtafiti wa msamiati wa uvuvi amepiga picha 60 za samaki waliovuliwa kisiwani. Anakusudia kuwaonyesha wavuvi picha hizo mbili mbili na kuwauliza maswali mawili: huyu anaitwaje, na je, huyu na yule ni samaki mmoja? Picha zitapelekwa kwa wasaidizi wa utafiti kwa simu, kupitia mtandao usiokuwa na kasi, kwa hiyo ni lazima zipunguzwe ukubwa. Mtafiti anaamua kupunguza idadi ya rangi. Mfano huu ni wa kudhania, lakini samaki, tatizo la rangi na mbinu zinazoelezwa ni vya kweli.

Tatizo ni zito kwa sababu samaki wanaohusika hutambuliwa kwa rangi. Katika Ziwa Viktoria, neno furu hutumika kwa samaki wadogo ambao wanasayansi wamewagawa katika spishi mia kadhaa. Timu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilianza kuwachunguza huko Mwanza mwaka 1977. Katika miaka ya 1980 sangara aliyekuwa amepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 aliongezeka mno, na spishi nyingi za furu zikatoweka au zikapungua sana. Madume wa furu wana rangi kali, na majike kwa kawaida ni wa rangi iliyofifia. Mara nyingi madume wa spishi mbili zinazokaribiana hutofautiana kwa rangi kuliko kwa umbo. Mtu akiwaonyesha wavuvi picha ambazo rangi zake zimeharibika, majibu atakayopata yatahusu makosa ya kompyuta na siyo samaki.

2.0 RANGI KATIKA KOMPYUTA NA RANGI KATIKA LUGHA

2.1 Namna Mbili za Kuhifadhi Rangi

Picha ya kompyuta imeundwa kwa vidoa vidogo viitwavyo pikseli. Katika namna ya kwanza ya kuhifadhi, kila pikseli hubeba vipimo vitatu, yaani vya wekundu, ukijani na ubuluu. Kila kipimo huanzia 0 na kuishia 255. Michanganyiko inayowezekana ni 256 mara 256 mara 256, yaani rangi 16,777,216. Picha yenye pikseli 640 kwa 480 ina pikseli 307,200. Kwa kuwa kila pikseli huhitaji baiti tatu, picha nzima huhitaji baiti 921,600 kabla ya kubanwa.

Katika namna ya pili, faili huwa na jedwali lenye rangi zisizozidi 256, na kila pikseli hubeba namba moja tu: namba ya nafasi ya rangi yake katika jedwali. Jedwali lenyewe huchukua baiti 768. Picha iliyotajwa hapo juu sasa huhitaji baiti 307,968, yaani kama theluthi moja ya zile za awali. Muundo wa GIF, uliotolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, hutumia namna hii ya pili. Muundo wa PNG, ulioidhinishwa mwaka 1996, huruhusu namna zote mbili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika namna ya pili pikseli haina rangi. Ina namba, na namba hiyo hupata maana kutokana na jedwali. Namba 17 inaweza kuwa nyekundu katika faili moja na kijivu katika faili nyingine. Mwanafunzi wa isimu atatambua hali hii mara moja. Neno dagaa, kwa mfano, mwambaoni mwa Bahari ya Hindi hutaja samaki wadogo wa baharini. Kigoma hutaja samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika. Na Musoma hutaja samaki mwingine kabisa, ambaye kisayansi huitwa Rastrineobola argentea. Umbo la neno ni moja, lakini majedwali ni matatu. Msikilizaji asiyejua msemaji anatumia jedwali gani ataelewa kitu kingine, na hatajua kwamba ameelewa vingine.

2.2 Lugha kama Mpunguzaji wa Rangi

Hakuna lugha yenye majina milioni kumi na sita ya rangi. Kila lugha hugawa eneo zima la rangi katika sehemu chache na kuzipa majina. Katika Kiswahili, vivumishi vya rangi vinavyopatanishwa na nomino ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa nomino za vitu vyenye rangi hizo: manjano ni kiungo cha chakula, zambarau ni tunda, kahawia yatokana na kahawa, kijivu na majivu, na samawati hurejelea mbingu. Vivumishi vile vitatu vina maeneo mapana. Ng'ombe mwekundu si mwekundu kama damu, na mtu mweupe katika mazungumzo ya Waafrika si mweupe kama karatasi. Huo si upungufu wa Kiswahili. Ndiyo kazi ya jina la jumla: kukusanya vitu vingi visivyolingana kabisa na kuviwakilisha kwa alama moja.

Berlin na Kay (1969) walikitumia Kiswahili kama mojawapo ya lugha 20 katika uchunguzi wao wa majina ya msingi ya rangi. Kazi hiyo ilikosolewa kwa kuwa wasemaji wengi waliohojiwa walikuwa wakiishi California, na hivyo walikuwa wameathiriwa na Kiingereza. Uchunguzi mkubwa uliofuata, ulioanza mwaka 1976, uliwahoji wasemaji wa lugha 110 katika maeneo yao wenyewe kwa kutumia vipande 330 vya rangi. Kutokana na data hizo, Regier, Kay na Khetarpal (2007) walionyesha kwamba mifumo ya majina ya rangi katika lugha za dunia hukaribia mgawanyo bora: rangi zinazofanana huwekwa pamoja na zisizofanana hutenganishwa, kwa kadiri idadi ya majina inavyoruhusu. Zaslavsky na wenzake (2018) wakaendeleza hoja hiyo kwa kuyaeleza majina ya rangi kuwa ni ubanaji wa habari wenye ufanisi.

Kwa maneno mengine, kinachofanywa na programu ya kupunguza rangi kimefanywa na lugha tangu zamani. Tofauti ni kwamba lugha hufanya hivyo kwa vizazi vingi, ikirekebishwa na mahitaji ya wasemaji wake. Programu hufanya hivyo kwa sekunde chache na haijui picha ni ya nini.

3.0 SUALA LA ISTILAHI

Kabla ya kueleza mbinu ni vyema istilahi zifafanuliwe, kwa sababu uteuzi wa istilahi huathiri namna dhana inavyoeleweka. Njia za kuunda istilahi za Kiswahili zimejadiliwa kwa kirefu, hasa na Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992). Hapa zinachunguzwa dhana tatu tu.

Dhana ya kwanza ni ile ya orodha ya rangi zinazoruhusiwa katika picha. Utohozi hutupa neno paleti, ambalo asili yake ni kibao ambacho mchoraji huchanganyia rangi. Neno ni fupi na linafanana na yale ya lugha nyingi. Hata hivyo lina kasoro ya kisemantiki. Juu ya kibao cha mchoraji rangi huchanganywa na kuzaa rangi mpya. Katika faili ya picha hakuna kuchanganya: kuna kuchagua kwa namba. Jedwali la rangi ni istilahi ndefu zaidi, lakini huweka wazi mambo mawili ya msingi, yaani safu zenye namba na mpangilio usiobadilika. Ndiyo maana makala haya yametumia jedwali la rangi.

Dhana ya pili ni ile ya kuzipa faili nyingi amri moja zitendewe kwa pamoja. Istilahi kama ubadilishaji wa kundi ina utata, kwani yaweza kueleweka kwamba kundi ndilo linalobadilika. Msemo kwa mkupuo, unaojulikana na kila msemaji, hauna utata huo: kubadili faili kwa mkupuo ni kuzibadili zote kwa tendo moja.

Dhana ya tatu ni ile ya kuipa kila pikseli rangi iliyo karibu nayo zaidi katika jedwali. Kitenzi kulandanisha kinafaa, kwa kuwa hudokeza kwamba kuna vitu viwili vinavyotafutiwa uhusiano, na kwamba uhusiano huo si wa usawa kamili. Kusema kwamba rangi imegeuzwa kungeficha ukweli kwamba kuna uamuzi uliofanywa.

4.0 MBINU

4.1 Kasoro ya Majedwali Mengi

Programu ikiachiwa ipunguze rangi za picha 60, kila picha kivyake, itaunda majedwali 60. Kila jedwali litafaa picha yake. Picha ya dume mwekundu itapata nafasi nyingi za wekundu, na ile ya jike wa kijivu itapata nafasi nyingi za kijivu. Zikitazamwa moja moja, picha zote zitapendeza. Zikiwekwa pamoja, hitilafu hujitokeza. Wekundu ule ule wa samaki wawili huwakilishwa na rangi mbili tofauti, na mandharinyuma iliyokuwa moja hubadilika kutoka picha hadi picha. Mvuvi akiulizwa kama samaki hawa ni mmoja, huenda akajibu hapana kwa sababu ya tofauti iliyotiwa na mashine.

Jedwali la pamoja huondoa kasoro hiyo. Rangi fulani ikiwa namba 17 katika picha ya kwanza, itakuwa namba 17 katika picha ya sitini. Kila picha hupoteza kiasi cha uaminifu wake, lakini mkusanyiko mzima hupata ulinganifu. Kwa kazi ya ulinganisho, ulinganifu wa mkusanyiko una thamani kuliko uzuri wa picha moja.

4.2 Hatua za Kazi

Hatua ya kwanza ni kusahihisha mwanga. Jedwali la pamoja haliwezi kutibu picha zilizopigwa katika mwanga tofauti. Samaki aliyepigwa picha alfajiri ataonekana wa buluu kuliko aliyepigwa picha jua likiwa karibu kutua. Kila picha yafaa iwe na kipande cha kijivu kinachojulikana, ili picha zote zirekebishwe kwa kipimo kimoja.

Hatua ya pili ni kubadili vipimo vya picha, iwapo vinabadilishwa. Picha ikipunguzwa upana na urefu, programu hukadiria wastani wa pikseli jirani na kuzaa rangi za kati. Jambo hilo lazima litangulie upunguzaji wa rangi. Likifuata, rangi mpya zisizokuwamo katika jedwali zitaingia tena. Wala haifai kukadiria wastani wa namba za nafasi: wastani wa namba 10 na namba 20 ni 15, lakini rangi ya nafasi ya 15 huenda haina uhusiano wowote na zile mbili.

Hatua ya tatu ni kuunda jedwali kutokana na picha zote, au kutokana na sampuli inayoziwakilisha zote. Picha huunganishwa kuwa picha moja kubwa, na rangi huteuliwa kutokana na picha hiyo. Njia iliyoelezwa na Heckbert (1982) hugawa eneo la rangi katika visanduku, kila mgawanyo ukipita katikati ya idadi ya pikseli, hadi visanduku 256 vipatikane. Kila kisanduku kisha huwakilishwa na rangi yake ya wastani.

Hatua ya nne ni kulandanisha. Kwa kila pikseli, programu hupima umbali kati ya rangi yake na kila rangi ya jedwali, na kuchagua iliyo karibu. Kwa mfano, pikseli yenye vipimo 200, 40 na 30 ni nyekundu. Ikilinganishwa na rangi ya jedwali yenye 180, 60 na 50, tofauti ni 20 katika kila kipimo, na jumla ya vipeo vyake vya pili ni 1,200. Ikilinganishwa na rangi ya kahawia yenye 120, 70 na 40, jumla ni 7,400. Rangi ya kwanza ndiyo itakayochaguliwa. Ifahamike kwamba umbali wa namna hii haulingani sawasawa na tofauti inayoonwa na jicho. Mfumo wa rangi uitwao CIELAB, uliowekwa mwaka 1976, hukaribia zaidi uoni wa binadamu, na ni bora programu ipime umbali katika mfumo huo inapowezekana.

Hatua ya tano ni kuamua kuhusu utawanyaji wa makosa. Njia ya Floyd na Steinberg (1976) huchukua tofauti iliyobaki baada ya kulandanisha pikseli moja na kuigawia pikseli jirani. Picha ikitazamwa kwa mbali huonekana laini. Ikitazamwa kwa karibu huwa na vidoa vya rangi ambazo samaki hakuwa nazo. Kwa picha za kupamba ukurasa njia hiyo inafaa. Kwa picha ambazo msailiwa ataulizwa "doa hili ni la rangi gani?" haifai.

Hatua ya sita ni kuhifadhi. Faili za asili zisiguswe. Katika mkusanyiko wa programu uitwao ImageMagick, uliotolewa kwa umma mwaka 1990, amri ya mogrify hutenda kwa mkupuo lakini huandika juu ya faili za asili isipoelekezwa vinginevyo, ilhali chaguo la remap hulandanisha picha na jedwali lililotolewa. Matokeo yahifadhiwe katika PNG au GIF. Muundo wa JPEG haufai, kwa kuwa hauna jedwali la rangi na ubanaji wake hubadili vipimo vya pikseli. Baada ya kuhifadhi, ihakikishwe kwamba programu haikupanga upya nafasi za jedwali wala kuziondoa zile ambazo picha fulani haikuzitumia, kwani kufanya hivyo huvunja upatanifu wa namba ambao ndio uliokuwa lengo la kazi yote.

4.3 Rangi Adimu

Hatua hizo zikifuatwa zote, bado kuna hatari moja, na ndiyo kubwa kuliko nyingine. Katika pezi la chini, karibu na mkia, madume wa furu wengi wana madoa madogo ya manjano au ya rangi ya chungwa yanayofanana na mayai. Madoa hayo yana nafasi katika uzazi wa samaki hawa, ambao majike wao huatamia mayai mdomoni. Ni alama ndogo yenye maana kubwa.

Ichukuliwe kwamba madoa hayo yanachukua pikseli 300 katika picha moja, na kwamba yanaonekana katika picha 20 kati ya zile 60. Jumla ni pikseli 6,000. Picha zote 60 zina pikseli 18,432,000. Kwa njia ya Heckbert, kila nafasi kati ya nafasi 256 itawakilisha takriban pikseli 72,000. Pikseli za madoa ni sehemu moja ya kumi na mbili tu ya nafasi moja. Hazina uwezo wa kujipatia nafasi yake. Zitaingizwa katika kisanduku cha rangi nyingine zilizo nyingi.

Matokeo yake yanaweza kukokotolewa. Doa la rangi ya chungwa lina vipimo 240, 150 na 30. Tuseme rangi mbili za jedwali zilizo karibu nalo ni nyekundu yenye 200, 40 na 30, na kijivu cha matope chenye 170, 160 na 110. Jumla ya vipeo kwa nyekundu ni 13,700, na kwa kijivu ni 11,400. Doa litageuka kuwa kijivu cha matope. Programu haikukosea: ilitii kanuni ya wingi. Lakini alama ambayo mvuvi angeitumia kumtambua dume imefutwa, na hakuna ujumbe wowote unaomwarifu mtafiti kwamba kitu kimefutwa.

Dawa yake ni kutenga nafasi. Kabla ya kuunda jedwali, mtafiti aketi na watu wanaowajua samaki na kuuliza ni rangi zipi zinazowatofautisha, hata kama ni ndogo kiasi gani. Rangi hizo, tuseme 16, ziingizwe katika jedwali kwa mkono. Nafasi 240 zinazobaki ndizo ziachiwe programu. Kisha picha chache zenye rangi adimu zilandanishwe kwa majaribio na kutazamwa kando ya zile za asili kabla ya kutoa amri ya mkupuo. Kwa kuwa amri ya mkupuo hurudia kosa moja mara 60, nusu saa ya majaribio si muda uliopotea.

5.0 KUTOKA RANGI HADI MAJINA

Ziwa lenyewe limetoa funzo linalofanana na hili. Miongoni mwa furu wanaoishi kwenye majabali ya visiwa vya upande wa Mwanza kuna jenasi ambayo Seehausen na wenzake waliipa mwaka 1998 jina la Pundamilia, kutokana na neno la Kiswahili. Spishi moja, Pundamilia nyererei, ilikwisha kuelezwa mwaka 1985 na kupewa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mkoani Mara. Madume wake wana wekundu mgongoni. Madume wa spishi ya karibu, Pundamilia pundamilia, wana rangi ya buluu na kijivu. Majike huchagua madume kwa rangi. Seehausen, van Alphen na Witte (1997) walionyesha kwamba pale ambapo maji yamechafuka na mwanga umepungua, tofauti ya rangi hupoteza nguvu, uchaguzi hulegea, na spishi zilizokuwa mbalimbali huelekea kuchanganyika. Maji machafu hupunguza rangi zinazoweza kuonekana, na kwa samaki hao tofauti isiyoonekana hatimaye hukoma kuwa tofauti.

Orodha ya msamiati ambayo picha za Rukuba zinakusudiwa kuiambatana nayo inakabiliwa na hatari hiyo hiyo. Safu ya Kiswahili katika orodha hiyo ni jedwali la pamoja. Faida yake ni kubwa: hulinganisha Kijita na Kikwaya, na humwezesha msomaji wa Dar es Salaam kuelewa kinachosemwa ziwani. Lakini iwapo wazee wa kisiwani wana majina matano kwa samaki ambao Kiswahili huwaita furu wote, na mtafiti akaandika furu mara tano, majina hayo yamelandanishwa na nafasi moja. Akienda mbele na kupanga orodha kwa kufuata safu ya Kiswahili, huenda akayaona majina manne ya ziada kuwa ni visawe na kuyaondoa. Hapo hakuna aliyekusudia kufuta kitu. Kilichofuta ni kanuni ya wingi.

Suluhisho la kileksikografia halitofautiani na lile la kiufundi. Kwanza, data za asili zihifadhiwe bila kuguswa: jina kama lilivyotamkwa, pamoja na picha isiyopunguzwa rangi. Pili, maingizo yanayotofautisha yatengewe nafasi mapema, hata kama msemaji mmoja tu ndiye anayeyajua. Tatu, pale Kiswahili kinapokosa neno, safu yake ibebe maelezo badala ya jina la jumla, kwa mfano furu mwenye mgongo mwekundu, ili tofauti isizame. Nne, orodha iseme wazi ni jedwali gani linalotumika, ili dagaa wa Musoma asichukuliwe kuwa dagaa wa Kigoma.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba kwa kuwa uwezo wa kuhifadhi data umeongezeka sana, hakuna tena haja ya kupunguza rangi wala kubana orodha. Vyote vihifadhiwe vilivyo. Pingamizi hilo lina ukweli kuhusu uhifadhi, na ndiyo sababu faili za asili zimesisitizwa. Halina ukweli kuhusu matumizi. Ramani haisomeki bila ufunguo wenye rangi chache zisizobadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kamusi yenye kila tofauti ya kila msemaji haitumiki. Wanaotaka kulinganisha watapunguza kila wakati. Linalobaki ni kama watapunguza wakijua wanachokiacha.

6.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba kubadili picha nyingi kwa mkupuo kwa jedwali moja la rangi ni tendo la uainishaji, na kwamba mfuatano wake sahihi ni kusahihisha mwanga, kurekebisha vipimo, kuunda jedwali kutokana na mkusanyiko mzima, kutenga nafasi za rangi adimu, kujaribu, kulandanisha, na kuhifadhi bila kuharibu faili za asili. Yameonyesha pia kwamba istilahi jedwali la rangi, kwa mkupuo na kulandanisha zinaieleza kazi hiyo kwa uwazi bila kulazimika kutohoa. Zaidi ya hayo, yamedhihirisha kwamba mwanaleksikografia wa lugha ndogo na mtengenezaji wa picha wanakutana katika swali moja: nafasi za jedwali ni chache, nani atazigawa? Zikigawiwa kwa hesabu ya wingi peke yake, doa la rangi ya chungwa kwenye pezi la furu litakuwa tope, na jina lake, iwapo mzee mmoja kisiwani bado analikumbuka, litaandikwa furu tu. Nafasi 16 katika 256 si gharama kubwa. Sharti ni kwamba zitengwe kabla ya amri ya mkupuo, na kwa kuwauliza wale wanaowajua samaki.